Alama Aliyoachiwa Nezihe

Nezihe alikuwa fundi cherehani, na kwa miezi kumi na mmoja ya mwaka hakuna aliyemjua kwa jambo jingine. Wanawake wa Çanakkale walimletea sare za shule za kupunguza, mapazia, na suruali za waume zao walionenepa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, mabega mapana aliyojishonea nguo za kuyaficha, na duka la mlango mmoja nyuma ya soko la samaki. Lakini ikifika Agosti watu waliacha kumuuliza habari za zipu, wakamuuliza habari za maji.

"Dada Nezihe, vipi mkondo mwaka huu?"

Naye huchomoa pini midomoni, hutazama ukuta kana kwamba anaiona bahari ng'ambo yake, kisha hujibu, "Mkondo haujawahi kuwa mpole. Lete hiyo suruali."

Tarehe thelathini ya Agosti, Sikukuu ya Ushindi, meli kubwa zinazopita katika Mlango, mkono wa bahari ulio mbele ya mji, husimamishwa kwa saa moja na nusu. Katika muda huo mamia ya watu huogelea kutoka Eceabat, upande wa Ulaya, hadi mjini Çanakkale, upande wa Asia. Nezihe alikuwa amevuka mara kumi na tisa. Hakuwahi kushinda mbio zenyewe, maana hizo ni za vijana wenye miguu mirefu. Alichokuwa akishinda yeye ni shada.

Shada lilikuwa la klabu ya mtaa wao. Mbio zikiisha, mwanamke wa klabu aliyetangulia wenzake hukabidhiwa shada la maua mekundu. Hurudi nalo majini akiwa bado na kofia yake ya kuogelea, akaliachia kilindini kwa ajili ya wanaume waliomezwa na Mlango katika vita vile vikuu. Babu yake mama yake Nezihe alikuwa mpiga mizinga katika ngome, na kaburi lake halijulikani lilipo. Kwa miaka kumi na mmoja mfululizo shada lilikuwa mikononi mwa Nezihe. Mji mzima ulisimama kando ya maji ukimtazama. Hata muuza mahindi ya kuchemsha alinyamaza.

Na kuliachia kulikuwa na ufundi wake. Ukiliachia mapema, maji ya ukingoni huzunguka na kulirudisha maweni mbele ya watu, na hiyo huonekana kama wafu wameyakataa maua. Sharti ulipitishe boya la njano, kisha upige mikono kumi zaidi kuelekea ngome, mahali ambapo mkondo wenyewe hulipokea. Shada la Nezihe halikurudi hata mwaka mmoja.

Kisha, mwezi wa Machi, Belkis akarudi.

Walikuwa wamesoma darasa moja. Kwa kweli walijifunza kuogelea pamoja, kutoka katika mashua ya Mzee Sabri, baba yake Nezihe, aliyekuwa akivusha mizigo. Na ni Mzee Sabri huyohuyo aliyesema siku moja, akimtazama Belkis akikata maji, "Huyu mtoto hakuzaliwa, huyu alivuliwa baharini." Nezihe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa ndani ya maji yaleyale, mita tatu kutoka pale, na baba yake hakugeuka kumtazama. Miaka arobaini na minne imepita, na bado akilikumbuka neno hilo katikati ya mshono huukata uzi na kuanza upya.

Walipofika miaka kumi na minane Belkis alikwenda Izmir kusomea ualimu wa michezo. Nezihe alibaki na cherehani. Sasa Belkis alikuwa amestaafu, mjane, mwembamba, na nywele nyeupe alizokataa kuzipaka rangi na ambazo, kwa bahati mbaya, zilimpendeza. Aprili akajiunga na klabu. Mei akawa anawafundisha wenzake kupumua. Kufikia Juni, wateja wa Nezihe walikuwa wakisimama mbele ya kioo na pini kiunoni, wakimsifia mtu mwingine.

"Umemwona Belkis anavyoogelea lakini? Kama anateleza kwenye siagi."

"Simama wima," alisema Nezihe. "Upindo utakwenda mrama."

Nyumbani, mumewe Tahsin hakumsaidia. Tahsin alikuwa dereva wa kivuko aliyestaafu, mtu wa chai na maneno.

"Mke wangu, nasikia mwaka huu shada linahamia nyumba nyingine."

"Nani kasema?"

"Kinyozi."

"Kinyozi anajua kuogelea?"

"Hajui. Lakini anajua kuhesabu. Wewe jana umetumia dakika arobaini mpaka mnara wa taa. Mwenzio thelathini na sita."

"Basi nenda ukale kwa mwenzangu."

"Ningekwenda," alisema Tahsin akikoroga chai, "ila sijui anapikaje."

Nezihe hakucheka. Alikwenda jikoni akakata nyanya kwa hasira mpaka zikawa uji.

Lakini alikuwa na kitu kimoja ambacho Belkis hakuwa nacho. Mzee Sabri alimpa kabla hajafa, ndani ya mashua, wakiwa wawili tu. Ilikuwa alama. Waogeleaji wengi huvuka Mlango wakiutazama mji wanakokwenda, mkondo huwasomba kushoto kwenda kulia, na mji hupita mbele ya macho yao kama gari moshi. Hawafiki. Boti za waandaaji huwaokota chini kabisa, karibu na Kepez, wakiwa wamejifunika blanketi na aibu. Mzee Sabri alimwonyesha bintiye tangi jeupe la maji kilimani, mbali kaskazini ya mji. "Lenga tangi," alimwambia. "Usilenge nyumbani. Lenga tangi mpaka ulione limeegemea mti wa msonobari, ndipo ujiachie, mkondo utakuleta wenyewe. Na upepo ukigeuka, geuka nao." Belkis alivuliwa, sawa. Lakini alama alipewa Nezihe, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Tahsin.

Siku mbili kabla ya mbio Belkis alikuja dukani. Kamba ya nguo yake ya kuogelea ilikuwa imefumuka begani.

"Shoga, niokoe. Nikiingia na hii nitavuka uchi, na siyo kwa umri huu."

Nezihe aliipokea nguo. Ilikuwa nguo nzuri, nyeusi, ya kitambaa kizito. Wazo lilimjia bila kubisha hodi: nyuzi mbili tatu zilizolegea, na Belkis atamaliza mbio amejishika bega. Alilisukuma wazo hilo kando. Aliweka uzi wa nailoni, akapiga mshono mara mbili, akafunga fundo, akaivuta kamba kwa nguvu zake zote. Haikutikisika. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi hiyo miaka thelathini na tisa na haikujua kushona vibaya.

Belkis aliketi kwenye kiti cha wateja akinywa chai.

"Nezihe, nikuulize kitu. Nacheka mwenyewe, mwalimu mzima. Nilivuka mara ya mwisho nikiwa na miaka kumi na saba, ndani ya mashua ya baba yako nusu ya njia. Sijui nilenge wapi. Waandaaji wanasema tulenge juu, juu. Juu wapi? Kule juu kuna nini?"

Nezihe aliikunja ile nguo nyeusi mara mbili.

"Waandaaji wanawaambia wageni," alisema Nezihe. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka tulivu. "Sisi wa hapa tunalenga mnara wa saa."

"Mnara wa saa? Moja kwa moja mjini?"

"Moja kwa moja. Lenga saa, usiiache. Sisi wa hapa wote tunafanya hivyo."

Uso wa Belkis ulifunguka. Si kwa sababu ya alama, Nezihe aliliona hilo wazi. Ni kwa sababu ya lile neno, sisi. Mtu aliyekaa Izmir miaka thelathini na tisa alikuwa ameambiwa sisi wa hapa, akalipokea kama mwenye kiu.

"Mungu akubariki," alisema Belkis akiinuka, akambusu mashavu yote mawili. "Mwingine asingeniambia."

Nezihe alijiambia kwamba hakuna atakayekufa. Boti za kuokoa zilikuwa nyingi kuliko samaki. Belkis ataokotwa, atapewa blanketi na chai, basi. Alijiambia hivyo akishona mapazia mpaka adhuhuri, na mapazia yote yakatoka yamepinda.

Asubuhi ya tarehe thelathini kivuko kiliwavusha wote hadi Eceabat. Bendera zilikuwa kila mahali, bendi ya manispaa ilikuwa ikipiga muziki uliokosea sauti kidogo, na upepo ulikuwa poyrazi, ule wa kaskazini, ambao wakati wa kiangazi huvuma siku nyingi. Belkis alikaa karibu na Nezihe sitahani, akamkatia nusu ya mkate wake wa ufuta. Wanawake wa umri wao walikuwa wamepewa kofia za kijani. Kipaza sauti kilikuwa kikipiga kelele: "Msilenge mji! Narudia, msilenge mji! Lengeni juu!"

Belkis alimkonyeza Nezihe, kama watoto wawili wenye siri darasani.

Nezihe aliacha kutafuna. Alifungua kinywa. Neno lilikuwa pale, fupi, si zaidi ya pumzi moja: tangi, si saa. Na wakati huohuo akatokea Bwana Ruhi, mwenyekiti wa klabu, jasho likimtoka, shada limefungwa kwenye mfuko wa plastiki begani.

"Belkis, mama, leo nimewaambia wapiga picha wasimame upande wa kushoto. Nywele zako na maua mekundu, hiyo picha itatundikwa ofisini!" Kisha akamwona Nezihe. "Na wewe pia, dada Nezihe, bila shaka. Wewe umeshazoea."

Nezihe alifunga kinywa, akautafuna mkate, akaumeza.

Walipiga honi, nao wakaingia. Maji yalikuwa baridi yenye makali ya kisu, kama kila mwaka, na kwa dakika kumi za kwanza palikuwa na visigino na viwiko tu. Kisha umati ulitawanyika na Nezihe akaliona tangi, jeupe, dogo kama kitufe cha shati. Akalilenga. Mkono, mkono, pumzi. Akainua kichwa: tangi. Mkono, mkono, pumzi.

Lakini safari hii alikuwa na jambo jingine la kutazama. Kila alipoinua kichwa kulitazama tangi aligeuka pia kulia, chini, kutafuta kofia ya kijani ikisombwa. Alitaka kuiona. Alitaka kuiona ikipungua, ikawa nukta, na boti ikiisogelea. Aliona kofia za manjano zikisombwa, akaona za waridi. Ya kijani hakuiona. Akatazama tena, mara tatu, mara kumi, na kila mara alipoteza mwendo na kunywa maji.

Ndiyo maana hakuhisi upepo.

Katikati ya Mlango poyrazi ulikatika, kama mtu aliyekatizwa maneno. Maji yalilala kwa dakika chache. Kisha lodosi, upepo wa kusini ambao mwezi wa Agosti ni mgeni wa nadra, ukaanza kusukuma kutoka upande wa pili, ukauzuia mkondo wa juu kama kiganja kwenye kifua. Mtu yeyote aliyekulia mashuani angelijua hilo kwa kupigwa na wimbi moja shavu la kulia. Nezihe alipigwa na mawimbi ishirini. Alikuwa akitafuta kofia. Alipokumbuka hatimaye kulitazama tangi vizuri, halikuwa limeegemea msonobari. Lilikuwa limeuacha msonobari nyuma kabisa. Alikuwa amepanda juu mno, nusu kilomita ya bure, na mkondo wa kumleta nyumbani haukuwapo.

Na upepo ukigeuka, geuka nao. Aliisikia sauti ya baba yake, wazi, na ilikuwa na dhihaka kidogo ndani yake.

Alirudi kwa nguvu za mikono peke yake. Alipogusa ngazi ya mwisho, mbele ya mnara wa saa, kwenye ngazi ya juu alikuwa amesimama Belkis, kofia ya kijani mkononi, nywele nyeupe zimekwisha anza kukauka. Alikuwa amemtangulia kwa dakika tisa. Alikuwa ameulenga mnara wa saa, hakuuacha, na kwa kuwa lodosi uliuzuia mkondo, akafika kama aliyechorewa mstari kwa rula.

"Nezihe!" Belkis alimshika mikono yote miwili, akamgeuzia watu. "Jamani, huyu! Huyu ndiye aliyeniambia! Alisema lenga saa, nikalenga saa! Waandaaji wenyewe hawakujua!"

Watu walipiga makofi. Bwana Ruhi alipangusa jicho. "Huo ndio uungwana," alimwambia mpiga picha. "Ampe mpinzani wake alama! Andika hilo."

Tahsin alimletea mkewe taulo, akamtazama usoni, akamfunika nalo mabega.

Nezihe alisimama ndani ya taulo. Angeweza kuvumilia kushindwa, labda. Kushindwa kulikuwa na sura yake, aliyoizoea katika mawazo tangu Machi. Lakini hii! Uongo wake mwenyewe ndio uliombeba Belkis hadi ngazini. Na sasa Belkis alikuwa akija na shada, amelishika kwa mikono miwili, anatabasamu.

"Shika wewe," alisema Belkis. "Alama ilikuwa yako. Mimi nilifuata tu. Nenda ukaliachie wewe, mwaka wa kumi na mbili."

Maua yalikuwa karibu kiasi kwamba Nezihe aliyanusa. Ilibaki kunyoosha mkono tu. Mji ulikuwa umeanza kunyamaza, kama kila mwaka. Na ndipo alipojua kwamba hawezi, na sababu haikuwa nzuri. Si kwamba alitubu. Ni kwamba Belkis alikuwa akimshinda tena, na safari hii kwa ukarimu, palepale mbele ya watu, bila hata kutoa jasho.

"Nilikudanganya," alisema kwa sauti ya chini, meno yakigongana.

"Nini?"

"Alama yangu siyo saa. Ni tangi, kule kilimani. Baba alinipa mimi. Nilikwambia saa ili usombwe mpaka Kepez, boti ikuokote. Upepo ndio umekuokoa, siyo mimi. Chukua maua yako."

Belkis alilirudisha shada kifuani. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa, kisha likaondoka. Alimtazama Nezihe kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyemwamini. Akageuka, akashuka ngazi na shada lake, akaingia majini.

Aliogelea kwa mkono mmoja, na hata kwa mkono mmoja aliogelea vizuri. Lakini alisimama mapema. Alisimama kabla ya boya la njano, akainua shada, akaliachia, akabaki ameinamisha kichwa. Shada likazunguka polepole. Likajigeuza. Kisha, mbele ya macho ya mji mzima, likaanza kurudi. Mnong'ono ukapita kati ya watu. Bibi mmoja alishika kifua. "Yanarudi," alisema mtu. "Maua yanarudi!"

Nezihe aliyatazama yakija, na sehemu moja ya moyo wake, hawezi kukana, iliketi kitako na kustarehe. Halafu akamkumbuka mpiga mizinga asiye na kaburi, ambaye hakuwa na habari na Belkis wala saa wala tangi, na ambaye kila mwaka maua yalimfikia.

Akatupa taulo, akaenda hadi ngazi ya mwisho, akaweka viganja mdomoni.

"Belkis! Lichukue! Pita boya la njano! Halafu mikono kumi kuelekea ngome! Kumi, uhesabu!"

Belkis alilidaka shada, akageuka. Baina yao palikuwa na mita hamsini za maji, na watu elfu moja waliodhani wanatazama sherehe. Hakusogea. Alimtazama mwanamke aliyekwisha kumwonyesha njia mara moja. Nezihe alibaki amesimama na mikono yake mdomoni, mabega yake mapana wazi mbele ya mji mzima.

Kisha Belkis akaanza kupiga mikono. Alilipita boya. Moja, mbili, tatu, Nezihe alihesabu kwa midomo. Kumi. Belkis akaliachia shada, na mkondo, lodosi ukiwa umekwisha kutulia, ukalipokea, ukalivuta mbele ya ngome, ukaenda nalo. Muuza mahindi akavua kofia.

Aliporudi ngazini, Belkis hakupokea mkono ambao Nezihe alimnyooshea. Alipanda mwenyewe, akasimama kando yake akichuruzika maji, akayatazama maua yakipungua.

"Nilijiuliza pale majini," alisema bila kumgeukia, "kama hili nalo ni la Kepez."

"Sasa mbona ulikwenda?"

Belkis aliingiza kidole chini ya kamba ya begani, akaivuta. Haikutikisika.

"Hii. Ungetaka kuniumbua kabisa ungeanzia hapa."

"Nilifikiria," alisema Nezihe.

Belkis alitoa sauti fupi puani. Haikuwa kicheko, lakini haikuwa mbali sana na kicheko.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijakuomba."

"Mwakani nitalenga tangi."

"Mwakani ulenge unapotaka. Nitakupita."

Wote wawili walitazama majini. Maua yalikuwa alama nyekundu tu sasa, chini kule yalikoelekea bahari kubwa. Nezihe aliyafuata kwa macho mpaka mwisho, na hakuweza kujizuia kuona kwamba Belkis alikuwa ameyaachia vizuri sana, kwa mikono miwili, bila kurusha hata tone. Yeye, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa akiyatupa.  Akainama, akaokota taulo lake, akampa Belkis upande mmoja ajifute.